Ndani ya Gargantua Hakuna Jana

Filamu ya Interstellar ya Christopher Nolan ilipotoka mwaka 2014, sifa kubwa ilienda kwa shimo jeusi. Haikwenda kwa baba anayeiacha familia yake, wala kwa kinanda cha Hans Zimmer kinachotikisa viti. Ilikwenda kwa lile duara la giza lililozingirwa na mwanga wa dhahabu, Gargantua. Watu ambao hawajagusa kitabu cha fizikia tangu kidato cha pili walikuambia kwa uhakika kwamba hivyo ndivyo shimo jeusi linavyoonekana. Na tuseme ukweli, hawakukosea sana. Nawapa haki yao mapema, kwa sababu lalama yangu haihusu nje ya shimo hilo. Inahusu ndani.

Ndani ya Gargantua, baba huyo, Cooper, anakuta chumba cha kulala cha binti yake. Anaelea nyuma ya kabati la vitabu lililorudiwa pande zote bila mwisho, na kila mwanya wa kabati unamwonyesha dakika moja ya maisha ya Murph: Murph mtoto, Murph akilia, Murph akimwomba asiondoke. Anapiga vitabu vianguke ili apate kusema naye. Watazamaji wengi hulia hapo. Kwangu, hapo ndipo filamu inapoikimbia hadithi yake yenyewe. Na sisemi hivyo kwa sababu ni sayansi mbaya. Nasema hivyo kwa sababu kile ambacho fizikia inasema mtu angekiona akikaribia singulariti ya shimo linalozunguka kingemuumiza Cooper zaidi, na kingekubaliana zaidi na yale ambayo filamu imekuwa ikituambia kwa zaidi ya saa mbili.

Tuanze na nje. Nolan alimtegemea mwanafizikia Kip Thorne wa Caltech, ambaye mwaka 2017 angepata Tuzo ya Nobel pamoja na Rainer Weiss na Barry Barish kwa kazi ya kunasa mawimbi ya mvutano. Thorne aliandika milinganyo, na kampuni ya Double Negative ya London ikaigeuza kuwa programu inayofuatilia jinsi miale ya mwanga inavyopindwa ikipita kando ya shimo. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2015 katika jarida la fizikia, Classical and Quantum Gravity, na mwaka huohuo filamu ikanyakua Oscar ya madoido ya picha.

Ile pete ya mwanga inayopita juu na chini ya duara jeusi si pambo. Gesi inayolizunguka shimo imelala kama sahani, na sahani ni moja tu. Lakini mwanga wa sehemu ya nyuma, ambao ulipaswa kufichwa, unapindwa juu na chini ya shimo mpaka unafika machoni pako. Umesimama mbele ya kitu, na mgongo wake unauona. Mfaransa Jean-Pierre Luminet alishalionyesha jambo hilo mwaka 1979: alipiga hesabu kwa kompyuta, kisha akaichora picha kwa mkono, nukta kwa nukta, kwa wino. Nolan alileta rangi na pesa.

Mambo mawili yalibadilishwa makusudi, na waliobadilisha hawakuficha. La kwanza ni kasi ya kujizungusha. Hadithi inahitaji Gargantua izunguke karibu kabisa na kikomo kinachoruhusiwa na fizikia, lakini shimo la kasi hiyo lina kivuli kilichobonyea upande mmoja, kama chungu kilichogongwa. Picha tunayoiona imetengenezwa kwa kasi ya asilimia 60 tu ya kikomo. La pili ni mwangaza. Gesi inayokujia kwa kasi inang'aa zaidi na kugeuka samawati, inayokukimbia inafifia na kuwa nyekundu. Kwa hiyo upande mmoja wa sahani ungewaka na wa pili ungekaribia kuzima. Waliogopa mtazamaji angechanganyikiwa, wakasawazisha pande zote mbili. Halafu tarehe 10 Aprili 2019 ikatolewa picha ya kwanza ya kweli, ya shimo lililo katikati ya galaksi ya M87, umbali wa miaka ya mwanga milioni 55, lenye uzito wa Jua mara bilioni 6.5. Na pete yake ilikuwa na upande unaong'aa zaidi. Dunia nzima iliitazama ile pete isiyo sawa na hakuna aliyechanganyikiwa.

Hizo ni dhambi ndogo. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha tabia ya filamu hii: kila inapofika mahali ambapo ukweli una sura ya ajabu kuliko tulivyozoea, inainyoosha sura hiyo kidogo ili tustarehe. Kwa nje inanyoosha kidogo. Kwa ndani inanyoosha mno.

Mahali ambapo haikunyoosha chochote ni kwenye saa. Sayari ya Miller iko karibu sana na Gargantua, na saa moja juu yake ni miaka 7 duniani. Piga hesabu: muda umecheleweshwa zaidi ya mara 61,000. Ili jambo hilo liwezekane bila sayari kutumbukia, lazima shimo lizunguke kwa kasi iliyopungukiwa na kikomo kwa sehemu moja tu katika trilioni 100. Thorne mwenyewe alishtuka Nolan alipong'ang'ania namba hiyo, akaenda kupiga hesabu, akarudi akikiri kwamba kanuni haziikatazi. Cooper na Brand wanashuka kwenye sayari ile, mambo yanaharibika, wanachelewa saa chache. Wanaporudi chomboni, mwenzao Romilly ana mvi. Amewangoja miaka 23.

Kisha Cooper anaketi kutazama video zilizotumwa na watoto wake katika miaka hiyo. Mwanawe Tom anakua mbele ya macho yake, anaoa, anapata mtoto, anamzika mtoto, anakata tamaa ya kutuma. Halafu Murph anatokea, na amefikisha umri wa baba yake. Cooper hawezi kujibu. Hawezi kusimamisha. Anachoweza ni kupokea. Mtu yeyote ambaye ana ndugu aliyeenda Ughaibuni, au ni yeye aliyeenda, anaijua hali hiyo bila kufundishwa fizikia: mtoto uliyemwacha akitambaa anakutumia picha akiwa na sare ya shule, halafu akiwa na gauni la mahafali. Maisha ya nyumbani yanakufikia kwa vipande vilivyobanwa, kimoja juu ya kingine, na kila kipande kinakuja na habari kwamba kimeshapita.

Ushike huo mfano vizuri, tutauhitaji. Maana shimo jeusi linalozunguka, kadiri unavyolikaribia kwa ndani, linafanya jambo hilohilo, tena bila kikomo.

Kwanza, kuanguka kwenyewe. Filamu inamwonyesha Cooper akiingia gizani. Weusi mtupu, cheche, chombo kinasambaratika, anajirusha nje. Nadhani neno lenyewe limetudanganya sote. Tunasema shimo, na shimo tunalolijua ni la choo au la kisima: lina ukuta, lina kina, ukitumbukia mwanga unabaki juu. Kwa mtu anayeanguka, mambo si hivyo. Ule mpaka tunaouita upeo wa matukio hauna ukuta wala utando. Gargantua ina uzito wa Jua mara milioni 100, na kwa shimo kubwa namna hiyo nguvu ya kukuvuta miguu na kichwa kwa tofauti ni ndogo mno mpakani. Ungepita bila kujua ni dakika ipi umepita. Hakuna kengele. Na mwanga wa nyota unaendelea kuingia nyuma yako, kwa sababu mpaka ule unazuia kutoka, hauzuii kuingia. Ukigeuza shingo, bado unaiona mbingu uliyoiacha, ingawa imepindwa vibaya.

Kwa hiyo Kiswahili kikituponza kwa "shimo", kinatuokoa kwa "upeo". Upeo wa macho ni mahali ambapo kuona kunakoma, na swali la haki ni: macho ya nani? Wa nje ndio wanaopoteza picha. Wao wanamwona Cooper akizidi kupungua kasi, akiwa mwekundu, akififia, na hawamwoni hata mara moja akivuka. Yeye anaendelea kuwaona. Upeo ule ni wa waliobaki.

Na mashimo yanayozunguka si ya sinema tu. Sisi Wakenya tuna sehemu yetu katika habari hiyo, hata kama hatuisemi sana. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza eksirei za angani, na kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji ikaitwa Uhuru. Ni Uhuru iliyoonyesha kwamba eksirei za Cygnus X-1 zinapepesa haraka mno, chini ya sekunde moja, dalili kwamba chanzo chake ni kitu kidogo sana. Mwaka uliofuata wanafalaki waliitambua nyota inayokizunguka kitu hicho, na uzito wa kitu chenyewe ukawa mkubwa kuliko nyota yoyote iliyokufa ingeweza kubeba bila kujiporomokea. Leo tunajua kina uzito wa Jua mara 21 hivi, na kinazunguka karibu na kikomo. Kilikuwa cha kwanza kukubaliwa na wengi kuwa shimo jeusi, na jina la Kiswahili limo katika hadithi ya kupatikana kwake.

Sasa tuingie ndani zaidi. Mwaka 1963 Roy Kerr wa New Zealand alipata suluhisho la milinganyo ya Einstein kwa kitu kinachozunguka. Shimo la Kerr lina mipaka miwili. Kuna upeo wa nje, ule tuliokwisha kuuvuka, na kuna upeo wa ndani. Kati ya mipaka hiyo huna hiari ya kwenda nyuma. Kila hatua yako, hata ukiwasha injini kinyume, ni hatua ya kushuka. Ukifika upeo wa ndani shuruti hiyo inalegea. Na hapo ndipo penye kisa.

Chukua msafiri anayefika kwenye ukingo mmoja wa upeo huo wa ndani. Nyuma yake mwanga kutoka nje unaendelea kumwangukia. Hesabu zinaonyesha kwamba kabla hajavuka, katika muda mfupi wa saa yake ya mkononi, mwanga wote utakaowahi kuingia katika shimo lile humfikia. Wote. Wa kesho, wa karne ijayo, wa wakati nyota za mwisho zinapozimika. Historia yote ya ulimwengu aliouacha, kuanzia alipoondoka kuendelea mbele, inabanwa na kuwa mmweko mmoja. Na kwa kuwa umebanwa, mwanga huo unaongezeka nguvu bila kikomo: wa macho unakuwa wa eksirei, wa eksirei unakuwa wa gama. Jicho lingeungua kabla ya kusoma chochote. Lakini mpangilio wa kuwasili ndio huo. Roger Penrose aliliona tatizo hilo mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1990 Eric Poisson na Werner Israel wakaonyesha matokeo yake: nishati hiyo iliyorundikana inapinda anga-wakati kwa ukali usio na kikomo. Upeo wa ndani wa shimo halisi hauwi mlango tena. Wenyewe unageuka singulariti.

Upo ukingo wa pili. Huko msafiri hapati mustakabali wote wa nje, anapata kipande tu. Badala yake anakutana na kinachopanda kumlaki: mabaki ya vitu na mwanga vilivyoanguka kabla yake, vikatawanywa na kurudishwa juu kidogo. Donald Marolf na Amos Ori walieleza mwaka 2012 jinsi hicho nacho kinavyomgonga anayechelewa kuanguka kama wimbi kali la ghafla. Kwa hiyo msafiri amebanwa katikati. Walioanguka nyuma yake wanashuka juu yake, na waliomtangulia wanapanda kutoka chini. Thorne, katika kitabu chake kuhusu sayansi ya filamu hii, anamchagulia Cooper huo ukingo wa pili. Na sababu yake ni nzuri: hesabu za Ori na wenzake zinaonyesha kwamba ingawa nguvu za kuvuta hapo zinakua bila kikomo, zinakua kwa muda mfupi mno kiasi kwamba mwili unaweza kutanuka kidogo tu kabla ya kuvuka. Ndiyo maana Romilly, kwenye filamu, anaizungumzia singulariti ya upole. Maneno hayo mtazamaji huyapuuza, na ni mojawapo ya mistari yenye sayansi nzito kuliko yote mle.

Mtu atauliza: na ile singulariti yenyewe ya katikati je? Katika suluhisho safi la Kerr, ukipuuza uharibifu wote huo, singulariti haiwi nukta. Ni pete. Tena pete isiyokulazimisha kuigonga. Ni yule tu anayesafiri sawasawa katika bapa la pete anayeweza kuigonga, wengine wanaikwepa. Na kwa aliyevuka upeo wa ndani, pete hiyo haina tena upeo wa kuifunika. Mwanga unaweza kutoka kwake ukamfikia machoni. Ni mwanga gani? Milinganyo inanyamaza. Hakuna chochote cha jana kinachoweza kukuambia pete itatoa nini, na ndiyo maana wanahisabati wanauhesabu upeo wa ndani kuwa mwisho wa utabiri: mpaka hapo, yaliyopita yanaamua yajayo, kutoka hapo, hapana. Kerr mwenyewe, akiwa na miaka 89, aliandika makala mwishoni mwa 2023 akidai kwamba hakuna aliyethibitisha kuwa singulariti ipo kweli ndani ya shimo halisi. Mzee huyo alitupa ramani miaka 60 kabla, na bado anatuambia tusiiabudu.

Haya basi, turudi kwenye kabati la vitabu.

Fizikia inampa Cooper vitu viwili vya kuona. Kimoja ni mustakabali wa waliobaki, wote au kipande, ukimwangukia kwa kasi asiyoweza kuisoma. Kingine ni mabaki ya walioanguka kabla yake. Angalia kilichokosekana katika orodha. Jana ya nyumbani haimo. Chumba cha Murph hakikuanguka. Murph mwenye miaka 10 hakuanguka. Hawapo mbele yake wala nyuma yake. Kila mtu anayeondoka anaweza kukutana na nyayo za walioondoka kabla yake, na anaweza kupata habari za mbele za aliowaacha. Asichoweza kukipata ni ile asubuhi aliyofunga mlango, wala kuifungua tena aseme neno tofauti.

Nolan anampa hichohicho. Kati ya vyote, anampa kile kimoja ambacho shimo halina.

Wapenzi wa filamu wana majibu, na nayajua. La kwanza: kabati lile si ndani ya shimo, ni chombo kilichojengwa na viumbe wa baadaye wenye vipimo vitano, kikamnyakua Cooper kabla hajaharibika. Sawa. Sikatai kwamba hadithi ina kibali. Kisa kinaruhusiwa kuleta majini, malaika au watu wa kesho. Nauliza tu kwa nini majini haya yalipewa kazi hii. Filamu imetumia saa mbili kutufundisha sheria moja, kwamba muda unaweza kunyooshwa na kubanwa lakini haurudi nyuma. Brand anaisema waziwazi chomboni, wakiwa bado kwenye sayari ya Miller. Sheria hiyo ndiyo iliyotufanya tulie na Cooper mbele ya video. Halafu tunapofika mahali ambapo sheria ingekaza kuliko popote, inavunjwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Jibu la pili ni kwamba upendo unavuka vipimo vyote. Hili nalo limeshasemwa na Brand, na wakosoaji wengi wamelicheka. Mimi silicheki. Tatizo langu ni kwamba upendo unaoonyeshwa nyuma ya kabati ni rahisi kuliko ule wa mbele ya video. Nyuma ya kabati, Cooper anapiga kelele, anasukuma vitabu, anatuma namba kwa mkono wa saa, na mwishowe ujumbe unafika na dunia inaokoka. Mbele ya video hana cha kufanya. Anapenda tu, na mapenzi yake hayabadilishi chochote katika miaka 23 iliyokwisha kupita. Upi kati ya hizo mbili ndio upendo wa mtu aliyeondoka? Kila aliyewahi kupokea habari ya msiba kwa simu, akiwa bara lingine, anajua jibu.

Hapa namkumbuka John Mbiti. Mwaka 1969 katika African Religions and Philosophy alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akajenga juu yake hoja kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika muda hauelekei mbele, unaelekea nyuma. Kila Sasa inamezwa na Zamani, na siku zijazo karibu hazipo. Amekosolewa sana, na wengi wa waliomkosoa ni Waafrika wenzake, na sitaitetea hoja hiyo hapa. Lakini kama kielelezo, inaisoma filamu hii vizuri ajabu. Kabati la Nolan ni Zamani iliyogeuzwa kuwa nyumba: kila kilichowahi kutokea kimehifadhiwa, kimepangwa, kinaguswa. Ni ndoto tamu na si ya Waafrika peke yao, ni ya kila mzazi mwenye majuto. Shimo la Kerr lingemnyima hata hiyo. Lingemgeuza uso kwa nguvu, limwonyeshe yale ambayo hoja ya Mbiti haikuyapa nafasi: wajukuu, vilembwe, mazishi yake mwenyewe yaliyofanywa bila mwili, shamba kuuzwa, jina lake kusahaulika, na Jua kuzima. Yote kwa mmweko mmoja, asiweze kulia kwa lolote moja kwa sababu la pili limeshafika.

Ingewezekana kuipiga picha? Nadhani ndiyo, na kwa gharama ndogo kuliko kabati. Tayari walikuwa na video. Ingetosha video zile ziendelee kumfikia, sasa kwa kasi: Murph mwenye miaka 40, 50, 70, sauti zikipanda kuwa nyembamba, picha zikigeuka samawati, kisha nyeupe, kisha weupe usio na kitu ndani yake. Weupe badala ya weusi. Hilo peke yake lingekuwa jambo jipya katika sinema: kwamba ukikaribia singulariti kinachokumaliza ni mwanga kuzidi.

Nampa Nolan haki yake ya mwisho, kwa sababu nadhani sehemu yake moja ilijua. Cooper anapookotwa karibu na Sohari, kwa hesabu ya dunia ana miaka 124. Anapelekwa hospitalini kumwona Murph. Anamkuta bibi kizee kitandani, amezungukwa na watoto, wajukuu na vitukuu ambao Cooper hamfahamu hata mmoja wao, nao wanamwangalia kama mgeni. Wamejaa chumba kizima. Maisha yote ya binti yake yamesimama pale mbele yake kwa mara moja, yamekwisha kuishiwa, na hakuna mwanya wa kabati wa kuchungulia yalivyokwenda. Murph anamwambia aende zake. Si haki mzazi kumwangalia mwanawe akifa, na yeye ana watoto wake wa kumzika.

Huo ndio upeo wa ndani. Umepigwa picha bila darubini wala programu, kwa kitanda na watu wa ukoo. Unadumu dakika chache tu, halafu filamu inamtafutia Cooper chombo kingine cha kurukia.